Soma ubavu wa tairi kabla hujauliza bei

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi anayekaa Mikindani. Nimelifupisha kidogo:

"Assalam aleikum, fundi. Nina Toyota Fielder ya 2017, ya 1.5, niliyoinunua yadi hapa Mombasa ikiwa na tairi ilizokuja nazo kutoka Japani. Mbili za mbele zimekuwa kipara, za nyuma bado zina meno. Kila mwisho wa mwezi naenda Voi kumwona mama, watoto watatu wakiwa nyuma. Nimezunguka maduka matatu. La kwanza wanataka 12,500 kwa tairi moja ya jina kubwa. La pili wana mpya za Kichina kwa 7,000. La tatu wana za Japani zilizotumika kwa 3,500, na mwenye duka anasema kuukuu ya Japani ni bora kuliko Mchina mpya. Huyo huyo ananishauri niweke 195/65 ili gari liinuke. Nina elfu thelathini. Ubavuni nimesoma 175/65R15 84Q, neno STUDLESS, na namba 3817 mwishoni mwa maandishi ya DOT. Ninunue ipi?"

Waleikum salaam, mwalimu.

Umenirahisishia kazi kwa kuinama ukasoma ubavu. Wengi hunipigia simu wakiwa wameshafika dukani, pesa mkononi, na nikiwauliza saizi wanajibu "ni ya Fielder". Wewe kwa mstari mmoja umeniletea saizi, mzigo, mwendo, aina na tarehe.

Nianze na jibu, sababu zifuate. Nunua nne mpya za hiyo 7,000, lakini usitoe pesa mpaka uwe umesoma ubavu wa kila moja na umeridhika. Zile za 3,500 ziache, hata akikushushia mpaka 2,000. Hiyo 195/65 usiiweke. Na hizo mbili za nyuma zenye meno, mwalimu, nazo zitoke. Najua la mwisho ndilo litakalokuuma, kwa hiyo tuanze nalo.

Hizo ulizo nazo ni tairi za theluji, ndiyo maana ya lile neno STUDLESS. Japani, sehemu zenye baridi kali, watu hubadilisha tairi majira ya baridi yakiingia, na gari likiuzwa wakati huo husafiri nazo. Likifika hapa hupigwa dawa ya kung'arisha, nawe ukiona meno marefu meusi unadhani umebahatika. Mpira wa tairi hizo umefanywa laini kwa makusudi ili usiwe mgumu kwenye baridi, na kila jino limepasuliwa vimkato vyembamba kama vya wembe ili ving'ang'anie barafu. Leo jioni chuchumaa nyuma ya gari lako, weka kidole gumba kwenye jino moja ulisukume kando. Utaona vile vimkato vinafunguka kama kurasa za daftari. Sasa lifikirie jino hilo saa nane mchana mwezi wa pili, lami ya Changamwe ikiwa moto kiasi cha kushindwa kuikanyaga kwa mguu mtupu, nawe umefunga breki ghafla. Jino linalala. Gari linakwenda mbele zaidi ya ulivyotaka, na lami inaukwangua mpira. Za mbele ndizo zinazovuta gari, zinazopinda kona na zinazobeba sehemu kubwa ya breki, ndiyo maana zimetangulia kwisha.

Hiyo herufi Q ilinishtua kabla hata sijalifikia neno lenyewe. Maana yake ni mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa, na tairi nyingi za theluji za Japani huandikwa hivyo. Tairi ya kawaida ya saizi yako huwa S, yaani 180, au zaidi. Sheria ya Kenya haikuruhusu kupita 110, kwa hiyo Q si hatari kwako. Ila siku nyingine ukiiona kwenye gari dogo lililotoka Japani, tafuta neno STUDLESS karibu nayo.

Kisha kuna 3817, mwishoni mwa DOT, ile alama ya idara ya uchukuzi ya Marekani. Tarakimu mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: wiki ya 38 ya 2017, yaani Septemba. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo. Hewa, joto na jua huukausha mafuta yake, unakuwa mgumu, unapasuka mistari midogo chini ya meno na ubavuni, na gundi inayoshikanisha tabaka za ndani inachoka. Kitabu cha Toyota kinasema tairi ikipita miaka sita ikaguliwe na fundi hata kama haionyeshi dosari. Michelin wanasema miaka kumi tangu itengenezwe ndiyo mwisho, iwe na meno au haina. Mimi kwa pwani yetu hii, gari linalala nje juani na kuamkia umande wa chumvi, nasimama kwenye sita. Zako zimepita, na ni za theluji. Hayo meno yaliyobaki usiyahesabu kuwa mali.

Sasa tuje kwa huyu wa 3,500.

Si kwamba kila tairi iliyotumika ni mbovu. Tatizo ni kwamba mnunuzi huoneshwa meno, ilhali ugonjwa wa tairi hukaa ndani. Nimefunga tairi Changamwe miaka kumi na tisa, na ukiniletea kuukuu jambo la kwanza ninalofanya ni kuingiza mkono ndani niupitishe ubavuni mduara mzima. Vidole vikitoka na unga mweusi, chengachenga za mpira, najua tairi hiyo imewahi kukimbizwa haina upepo. Ubavu umejikunja na kujisaga wenyewe, nyuzi za ndani zimechoka, na kwa nje huoni kitu zaidi ya mng'aro wa dawa. Siku moja, ipo katikati ya Taru na Mackinnon Road, itapasuka kama bomu. Ndani humo humo utakuta na viraka vya pancha ambavyo hukuambiwa. Na kuna zile zilizochongwa: tairi kipara imekaliwa na mtu mwenye kisu cha moto, akakata mifereji upya kwenye mpira uliobaki juu ya waya. Zitambue kwa kuangalia chini ya mfereji. Tairi halali ina vijiinuko vidogo vya mpira vinavyokatiza mfereji, vikiwa na kimo cha milimita 1.6, meno yakishuka yakalingana navyo, tairi imekwisha. Kwenye iliyochongwa vijiinuko hivyo vimekatwa, au mfereji una kina huku na huku hauna.

Haya sikuyasoma kwenye kitabu. Miaka ya nyuma, tayari nikijiita fundi, nilijinunulia mbili kuukuu kwa bwana mmoja mjini. Jina kubwa la Japani, meno kama mpya, bei ya kurukia. Tumepita Maji ya Chumvi, saa sita mchana, mke wangu kando na mtoto amelala nyuma, nikaanza kusikia kitu kinapiga chini ya gari: pa, pa, pa, taratibu, halafu haraka. Kabla sijaamua nisimame wapi, uso wote wa tairi ya nyuma ulibanduka ukang'oa bampa, na gari likaelea kuelekea upande wa malori yanayopanda. Mungu alituhurumia, lori lililokuwa likija lilikuwa bado mbali. Tulipotulia pembeni nikaikagua tairi. Tarehe ilikuwa upande wa ndani, mahali ambapo sikuangalia siku ya kununua. Ilikuwa na miaka kumi na moja.

Kwa hiyo shika hili: maandishi ya DOT yapo pande zote mbili za tairi, lakini zile tarakimu nne za tarehe mara nyingi huwa upande mmoja tu. Ukiona DOT bila tarehe, geuza tairi. Muuzaji akikwambia "hii haina tarehe", mwambie aigeuze. Na ukikuta tarakimu tatu tu badala ya nne, hiyo ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Iache hapo hapo.

Kauli ya kwamba kuukuu ya Japani ni bora kuliko mpya ya Kichina ilikuwa na watu wake zamani, na naelewa ilikotoka. Kulikuwa na wakati tairi za bei rahisi zilikuja zimepinda, hata kuzibalansi haiwezekani. Tena tulikuwa na tairi ya nyumbani: kiwanda cha Firestone cha Nairobi, baadaye Sameer Africa, kilitoa Yana ambazo kila dereva wa umri wangu amezikalia. Kiwanda hicho kiliacha kutengeneza 2016. Tairi mpya unayoiona dukani leo imekuja kwa meli, na nyingi zimetoka China na India. Huko kuna viwanda vya kila namna. Linglong, Triangle na Sailun ni watengenezaji wakubwa wa China wenye viwanda vyao wenyewe. India wana Apollo, CEAT na MRF. Maxxis ni ya Taiwan. Nimezifunga hizi kwenye magari ya watu nikazitoa baada ya miaka zikiwa zimelika sawasawa, bila uvimbe. Hofu yangu ni jina lisilojulikana popote, linaloonekana mwaka huu dukani na mwakani halipo. Ndiyo maana nakwambia usinunue "ya Kichina" kama kwamba ni aina moja. Uliza ni kampuni gani, kisha soma ubavu.

Cha kwanza usome tarehe. Isiyozidi mwaka ndiyo nzuri. Miaka miwili naikubali kama ilikaa ndani, kivulini, si zile zinazopangwa barazani zikaungua jua kutoka asubuhi mpaka magharibi na upepo wa bahari ukizipiga. Mwambie akutolee za stoo. Ikizidi miaka mitatu, iache, maana unalipa bei ya mpya kwa kitu kilichokwisha kuishi nusu ya umri wake. Angalia zote nne, moja moja; nimeona mtu akipewa tatu changa na moja ya zamani iliyokuwa imelala dukani.

Cha pili ni saizi na mzigo. 175 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 15 ni inchi za rimu. Hiyo 84 ni mzigo: kila tairi inabeba kilo 500. Usishuke chini ya 84 hata kidogo, wewe unayebeba watoto watatu, mizigo ya mama, na bila shaka maembe ya kurudi nayo. Kupanda juu ya 84 hakuna ubaya.

Kuhusu 195/65, hesabu yake ni hii. Tairi yako ina kipenyo cha takriban milimita 608. Hiyo anayokushauri ina 634, ni kubwa kwa zaidi ya asilimia nne. Mshale wa mwendo ukisema 100, gari liko 104. Injini ya 1.5 itachoka zaidi kupanda vilima vya Mazeras. Kikubwa zaidi, tairi ya upana huo inataka rimu isiyopungua inchi 5 na nusu, na Fielder nyingi za 1.5 zina rimu za chuma za inchi 5. Ukiivalisha kwa nguvu, uso wake unabinuka ikalika katikati, na kwenye kona gari linayumba. Kama 175/65 ikiadimika au wakikupandishia bei kwa sababu magari yanayoitumia si mengi, mbadala salama ni 185/65R15 ya mzigo 88, kilo 560 kwa kila tairi. Inazidi yako kwa asilimia mbili tu, rimu ya inchi 5 inaipokea, na inakuinulia gari kama milimita sita unusu. Kwa matuta ya Mikindani hizo ni kitu. Uliza bei ya saizi zote mbili. Ile inayovaliwa na magari mengi ndiyo huwa na ushindani.

Herufi ya mwendo usiilipie sana. S inakutosha. T, H na V ni nzuri ukizipata kwa bei ile ile, ila usiongeze elfu mbili kwa V wakati barabara yenyewe mwisho 110.

Cha tatu ni alama za upimaji. Tafuta herufi E ndani ya duara, na namba ya nchi iliyotoa idhini: E4 ni Uholanzi, E1 Ujerumani, E2 Ufaransa. Hiyo inaonyesha aina hiyo ya tairi imepitishwa kwa kanuni za kimataifa. Halafu kuna maneno matatu yaliyowekwa kwa soko la Marekani, lakini utayakuta kwenye tairi nyingi: TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. La kwanza ni namba ya kudumu, lakini kila mtengenezaji hujipimia mwenyewe, kwa hiyo 400 ya huyu usiilinganishe moja kwa moja na 400 ya yule. Inafaa kulinganisha tairi mbili za kampuni moja. La pili ni kushika breki kwenye maji, na daraja zake ni AA, A, B na C. Hapa simama kwenye A. Kumbuka siku ya kwanza ya masika mwezi wa nne, mafuta ya malori yakielea juu ya lami kutoka Jomvu mpaka Makupa. Hapo ndipo utajua A ni nini. La tatu ni kustahimili joto, A, B na C. Kwa pwani chukua A, B ikibidi, C usiipokee hata bure.

Sasa kuhusu 12,500. Je, ni ghali bure? Hapana. Tairi hiyo husimama vizuri zaidi kwenye maji, haina kelele na hudumu. Ungekuwa na elfu hamsini ningekwambia nenda kachukue. Lakini tufanye hesabu ya maisha yako. Voi kwenda na kurudi ni kama kilomita 300, ongeza shuleni, sokoni Kongowea, harusi mbili tatu Mtwapa. Tuseme kilomita 12,000 kwa mwaka. Tuseme tairi ya 7,000 inadumu kilomita 40,000 na ya 12,500 inafika 60,000. Ya kwanza unailipia senti 17 na nusu kwa kila kilomita, ya pili karibu 21. Ya kwanza itakwisha ikiwa na miaka mitatu na miezi kadhaa, ya pili ikiwa na mitano, karibu na umri ambao ningekwambia uitoe hata kama ina meno. Dereva wa teksi anayekimbia kilomita 40,000 kwa mwaka atazila zile ghali kabla hazijazeeka, na kwake ndizo rahisi ikiwa zinadumu mara mbili ya hizi. Anayetembea kidogo hulipia meno ambayo jua litayala kabla yake. Na kununua mbili za 12,500 ukabakiza zile mbili za theluji nyuma kungekuwa kosa kubwa kuliko yote: mbele inashika, nyuma inateleza, gari linageuka lenyewe kwenye maji.

Hapo nigusie jambo ninalogombania na mafundi wenzangu kila wiki. Mtu akinunua tairi mbili tu, fundi huzipeleka mbele. Anasema mbele ndiko kwenye usukani. Mimi huzipeleka nyuma, na watengenezaji wakubwa wanasema hivyo hivyo. Mbele ikiteleza, unaisikia kwenye usukani, unaachia mafuta, gari linarudi. Nyuma ikiteleza huna la kufanya, mkia unakupita. Wewe unanunua nne, kwa hiyo hilo limekwisha, ila siku ukinunua mbili tu, ziende nyuma.

Nenda dukani asubuhi ukiwa na hesabu kamili. Nne kwa 7,000 ni 28,000, unabaki na 2,000. Lakini swali la kwanza baada ya salamu liwe hili: "Bei hiyo ina VAT ndani?" Wengine hukutajia 7,000, na ukiomba risiti ya eTIMS, ile ya kodi, inaongezeka asilimia 16, ikawa 8,120 kwa moja, 32,480 kwa nne. Elfu thelathini yako imekwisha kabla hujafunga hata moja. Na usikubali kuacha risiti ili upunguziwe. Risiti ndiyo itakayokurudisha pale uvimbe ukitokea ubavuni baada ya mwezi. Aandike kampuni, saizi na zile tarakimu nne za tarehe, nawe upige picha ubavu wa kila tairi hapo hapo.

Punguzo lipo, lakini usilitafute kwenye bei ya tairi peke yake. Uza nguvu yako ya kununua nne kwa mpigo: kufunga, kubalansi na valvu mpya viwe ndani ya bei, nawe ulipie alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Kama tairi nzuri ina mwaka na nusu tangu itengenezwe, hiyo ni sababu ya haki ya kuomba ishuke. Piga simu na Nairobi pia. Kontena nyingi hupita Kilindini bila kufunguliwa zikaenda juu, na mara nyingine bei ya huko pamoja na nauli ya mzigo bado ni nafuu. Kwa hapa mjini, barabara ya Jomo Kenyatta kutoka Mwembe Tayari mpaka Makupa inatosha kukuonyesha bei ya kweli kwa asubuhi moja. Akitaka kukujazia tairi naitrojeni kwa malipo ya ziada, mshukuru upite. Hewa ya kawaida ina naitrojeni asilimia 78.

Wakati wa kufunga, usiende kunywa chai. Simama pale. Kwanza mwambie fundi asugue rimu pale tairi inapokalia, kwa brashi ya waya mpaka chuma kiwe safi. Chumvi ya hapa hula rimu kimya kimya, kutu inaacha nafasi nyembamba kama unywele, na kila wiki unajikuta upepo umepungua bila pancha. Watu wengi kwa sababu hiyo huambiwa waweke tyubu ndani ya tairi ya tyubulesi. Usikubali: tyubu inasuguana na tairi, inapata moto, na ikitoboka upepo wote unatoka kwa pigo moja, wakati tyubulesi yenye msumari inaweza kukufikisha nyumbani. Pili, kama tairi ina mshale wa kuzunguka au neno OUTSIDE, hakikisha umefuatwa. Nukta ya manjano ubavuni ni sehemu nyepesi ya tairi. Ikae usawa wa valvu, na vile vipande vya risasi vya balansi vitakuwa vichache. Nati zimaliziwe kwa spana ya kipimo, Toyota wanataka 103 Nm, si kwa kuruka juu ya spana. Zikazwe tena ukishatembea kilomita 50 hivi.

Alaimenti usiiahirishe. Gari lililokula tairi za mbele hivyo huenda pia limepinda miguu. Pitisha kiganja juu ya hizo kipara kutoka ndani kwenda nje, kisha urudi. Kama upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza, au ndani pamelika kuliko nje, hiyo ni alaimenti, na tairi mpya zitafuata njia ile ile.

Kilomita 300 za mwanzo nenda pole. Tairi mpya ina utelezi wa dawa ya kuitolea kwenye kalibu kiwandani, mpaka lami iuondoe. Upepo upime asubuhi kabla hujaondoka nyumbani, si ukifika kituo cha mafuta na tairi ni moto. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kimeandikwa kPa. 230 ni kama paundi 33. Ukipima Mariakani ukakuta 37, usitoe. Ni joto, itashuka yenyewe. Wanaotoa upepo njiani hufika Voi na tairi laini iliyobeba mzigo mzima, na tairi laini yenye mzigo ndiyo inayopata moto mpaka ibanduke. Kila kilomita 10,000 za nyuma zije mbele na za mbele ziende nyuma, zilike pamoja.

Jambo la mwisho ni chini ya zulia la buti. Ukikuta spea nyembamba ya muda, inataka paundi 60, si 33, na haitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Nyingi ninazozikuta hazijapimwa tangu Japani, zina kama 20. Ukikuta ni ya kawaida, isome tarehe yake pia. Hizo za theluji usimpe jirani wala usimuuzie mtu wa tuktuk. Mwachie fundi mwenye duka azitoboe ubavuni mbele yako.